Jino Lililong'olewa Siku ya Mwisho

Ninyi watatu mlionikuta nyumbani Jumapili baada ya kanisa, mkanywa chai yangu na kuniuliza kama mjiunge na kambi ya meno ya wageni mwezi wa nane, sikuwajibu vizuri. Nilisema "tutaona," nikauliza habari za mitihani, nikawaongezea mandazi. Mliondoka mkidhani mama amezeeka, mambo yamempita. Hayajanipita. Nilikuwa na hasira, na sikutaka kuwamwagia hasira ambayo si yenu. Leo nimetulia kidogo, basi nawaandikia.

Lavender, wewe ni mtoto wa ndugu yangu, unanijua. Hao wenzako nijitambulishe kwao. Watu huniita Sista Rosa, ingawa sikuwahi kuwa nesi. Nilianza kliniki ya meno hapa Kisumu kama msafishaji wa vyombo, nikapelekwa kusoma, nikarudi nikiwa na ruhusa ya kung'oa, na huko ndiko nilikozeekea mpaka nikastaafu. Nimeng'oa meno ya waendesha boda wa Manyatta, ya wenye maduka mjini, ya askari, ya mapadri. Wakishafungua mdomo wote wanakuwa sawa: wanang'ang'ania kiti na kuangalia dari.

Aliyenifundisha ni Mzee Okumu, mtu mkali, mwenye mikono mikubwa kama ya mchimba kisima, na yeye mwenyewe alikuwa mwoga wa meno kuliko mgonjwa yeyote. Siku gego lake lilipomsumbua alijifungia stoo akidai anapanga pamba. Tulimbembeleza mlangoni kama mtoto. Alipotoka shavu limevimba, alinitazama akasema, "Rosa, ukinicheka nakuhamishia kufua makoti." Nilimng'oa huku nimejiuma ulimi nisicheke.

Lakini kazi aliijua. Alinifundisha kwamba jino halivutwi. Unalisukuma kwanza ndani, kana kwamba umebadili nia na unataka kulirudisha, kisha unalizungusha polepole mpaka mfupa wenyewe uachie. Mwenye kuvuta huvunja. Alinifundisha kuuliza kama mtu amekula kabla ya sindano ya ganzi, kwa sababu mwenye njaa huzimia na kukuangukia. Na alinifundisha kupapasa chini ya taya kabla ya kuangalia mdomoni. "Mtu atakuambia ameumwa tangu jana," alikuwa akisema. "Shingo itakuambia ni tangu mwezi uliopita." Hilo la shingo lishikeni.

Sasa hizo kambi. Nilianza kwenda nikiwa bado kazini, natumia likizo yangu. Kikundi cha wageni kutoka ng'ambo kilikuwa kinakuja kijiji kimoja cha ufukweni huko Seme, kilomita kadhaa kutoka Kombewa, wanapewa shule wakati wa likizo. Sikuitwa na mtu. Nilisikia wanatafuta wa kuwatafsiria, nikaenda, na walipojua nimeshika koleo maisha yangu yote wakanipa koleo.

Nisiwadanganye, nilipenda. Madarasa yalipangwa vizuri, madawati yamesukumwa ukutani, viti vya plastiki vimeegemezwa ili kichwa cha mgonjwa kipate pa kutulia. Vyombo tulivichemsha kwa presha kuka juu ya jiko la makaa nyuma ya darasa la sita, na mama mmoja wa kijijini aliyekuwa akipita aliuliza kama hiyo nyama itaiva lini. Watu walitembea kutoka mbali. Wapo waliokuwa wameishi na maumivu miaka mingi, wanatafunia upande mmoja mpaka uso umekaa upande. Unamtoa mtu jino kama hilo, anapapasa shavu, halafu machozi yanamtoka si kwa uchungu. Kazi gani nyingine inakupa hivyo kabla ya saa nne asubuhi?

Vituko havikukosa. Kijana mmoja wa wageni, mwanafunzi, alimfungua mdomo mzee mmoja akakuta meno ya mbele ya chini hayapo, yote sita. Akaja kesho yake akakuta mzee mwingine hivyo hivyo. Akaniita kando na kuniambia kwa huzuni kwamba hapa kuna ugonjwa wa fizi ambao hajapata kuusoma. Nikamtafsiria mzee. Mzee akanyooka kitini.

"Mwambie hapo hapakuoza kitu," akasema. "Hiyo ilitolewa nikiwa kijana, ndiyo ilikuwa desturi ya Wajaluo. Na sikulia. Muulize huyu kama yeye angenyamaza."

Nilitafsiri nusu ya kwanza.

Kiongozi wao tulimwita Daktari Pita. Msinielewe vibaya nitakapofika ninakokwenda: huyu alikuwa daktari mzuri. Mkono mwepesi, hana majivuno, anapiga magoti sakafuni amfikie mtoto. Alinionyesha namna ya kushona fizi kwa fundo ambalo halifumuki, na mpaka nastaafu nililitumia lile. Mwaka ule ninaousimulia ilikuwa mara yake ya tatu kuja.

Siku ya mwisho ya kambi huwa ni fujo. Jenereta limezimwa, watu wanakunja nyaya, dereva anapiga honi kwa sababu wageni wanataka kufika hotelini mapema, kesho yake wanakwenda kuona wanyama. Ndipo Odhiambo akaja mbele, pale darasa la sita.

Odhiambo alikuwa fundi wa injini za maboti pale ufukweni. Ukiona boti imefika nyumbani yenyewe bila kuvutwa, ujue alikuwa ameigusa. Alikuwa amekaa kwenye foleni tangu asubuhi, na kila mama mwenye mtoto aliyekuja nyuma yake alimpisha. Mke wake, Peres, mkaangaji wa mgongo wazi pale sokoni, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, alikuwa amemkasirikia kwa hilo.

"Sista, muone huyu," aliniambia. "Anapisha watu kama hii kanisa. Sasa wazungu wanafunga sanduku."

Odhiambo alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Gego la mwisho la chini, kulia. Nilimpapasa chini ya taya. Palikuwa na uvimbe, si mkubwa, wa kama punje ya njugu, na laini. Nilimwambia Daktari Pita. Alipapasa na yeye, akaangalia saa, akamwangalia Odhiambo, akasema: tukimwacha hivi, ni nani atamtoa jino? Swali la kweli lile. Akafungua tena sanduku lililokuwa limefungwa, dereva akapiga honi, akapuuza honi. Alimng'oa vizuri kabisa. Mizizi yote ilitoka. Usaha kidogo. Akampa vidonge vilivyobaki kwenye mfuko, ambavyo havikutosha, akanieleza amwone mtu wa zahanati apewe vingine.

Mimi nikamweleza Odhiambo kwa Kijaluo, polepole, Peres akisikiliza. Usiteme teme damu. Usisukutue leo. Ukiona shingo inavimba, ukiona mdomo unakataa kufunguka, usingoje, unipigie. Namba yangu Peres aliiandika kwenye simu yake pale pale.

"Sista, mimi nafungua injini yenye kutu," Odhiambo akasema, pamba mdomoni. "Jino ni nini?"

Gari likaondoka. Wageni walipunga mikono, watoto wakalikimbilia na miswaki yao mipya. Mimi nikarudi Kisumu.

Peres alipiga simu siku chache baadaye, asubuhi, niko kazini, glavu mkononi. Zahanati walikwenda. Nesi aliyekuwa pale alikuwa peke yake, dawa zimeisha, alimpa za maumivu na kumwambia ajaribu hospitali ya Kombewa. Odhiambo akasema kuna injini ya mtu lazima imalizwe kwanza. Akaimaliza.

"Imevimba," Peres akasema. "Huku na huku. Na anaongea kama mtu ameweka viazi moto mdomoni."

Wanangu, siku mtakaposikia maneno hayo, acheni chochote mnachofanya. Sauti ya viazi moto. Uvimbe chini ya taya pande zote mbili, mgumu kama ubao. Ulimi unasukumwa juu, mate yanadondoka kwa sababu hayamezeki, na mgonjwa hataki kulala kwa sababu akilala hewa haipiti. Hapo hatuzungumzi meno tena. Hapo ni pumzi.

"Usimlaze," nikamwambia. "Hata akiomba. Mpande boda sasa hivi, yeye katikati, wewe nyuma umshike akae wima. Nendeni Kombewa. Mimi nakuja."

Nilivua glavu. Mgonjwa wangu nilimwacha kwa mwenzangu akiwa ameshapigwa ganzi, nikatafuta gari la kukodi, nikamwambia dereva asisimame popote.

Nilipofika Kombewa walikuwa wameshamwekea dripu na kumpiga sindano, na daktari kijana pale alikuwa ameshasema anayoweza kufanya amefanya, huyu anahitaji kufunguliwa shingo na kuwekewa njia ya hewa, apelekwe mjini mara moja. Gari la hospitali lilikuwa limeshapeleka mama wa uzazi. Tukatumia lile nililokuja nalo. Odhiambo alikaa kiti cha nyuma, katikati yangu na Peres, ameinamia mbele, mikono magotini, kitambaa kidevuni. Hakuweza kusema. Alikuwa ananyoosha vidole kwa Peres, anaonyesha kitu kama kufungua nati, kisha anaonyesha mfuko wa shati.

"Nimejua," Peres alikuwa anamjibu. "Injini ya Otieno imekwisha, pesa iko mfukoni, ya yule wa ufuko wa Asat bado. Nimejua. Nyamaza tu. Pumua."

Nilimshika paji la uso ili kichwa kisianguke. Hivyo ndivyo ninavyoshika wagonjwa siku zote, kiganja kwenye paji, kidole gumba karibu na nyusi, na mara ngapi nimehisi mtu ananitegemea uzito wake wote. Alikuwa na joto kali. Alikuwa anavuta hewa kwa mlio, kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Tulipofika karibu na Kisian mlio ukakoma. Nilidhani amepata nafuu. Kwa muda mfupi sana, nilidhani hivyo.

Peres hakulia garini. Alimwambia dereva, "Baba, punguza mwendo. Sasa hakuna haraka."

Mazishini sikuweza kula. Watu walinijia mmoja mmoja, kwa heshima, wakiniuliza kama ni kweli mzungu alimkata mshipa. Niliwaambia hapana, kila mmoja, hapana. Mzungu alimng'oa vizuri. Wengine hawakuniamini, na hilo liliniuma kwa namna yake, kwa sababu kusema kweli kulinifanya nionekane mtu wa wageni.

Nilimwandikia Daktari Pita kwa simu. Alijibu siku hiyo hiyo. Aliandika kwamba amehuzunika sana, kwamba hajalala, na kwamba jambo hili ni nadra lakini hutokea hata kwao. Nimelisoma jibu lile mara nyingi. Ni kweli, hutokea hata kwao. Lakini kwao mtu akivimba baada ya kung'olewa, anarudi kwa aliyemng'oa. Anakuta mlango uko pale pale na mtu yuko ndani. Odhiambo angerudi wapi? Kwenye darasa la sita? Lilikuwa limesharudishiwa madawati.

Nilimfuata Bwana Wasonga, mwenyekiti wa kamati ya kambi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ninayemheshimu. Nilimwambia mambo mawili. Mwaka ujao, siku ya mwisho isiwe ya kung'oa, iwe ya kuwaangalia tena waliong'olewa. Na wageni wakiondoka, wamwache mmoja wao wiki nzima, pamoja na dawa. Wasipoweza hivyo, wasije.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na chai mbele yake na hakuigusa.

"Sista Rosa," akasema, "hayo ya kwanza nitawaambia. Hayo ya mwisho usiyaseme mbele ya watu, nakuomba. Ukisema wasije, hawatakuja. Kuna kijiji ng'ambo ya pili kinawangoja. Na wasipokuja, wewe utatuletea nani?"

"Serikali ya kaunti."

Alicheka, si kwa ubaya. "Mimi nimeandikia ofisi hizo tangu nikiwa na nywele. Kiti kimoja tu cha meno kwa zahanati yetu. Kimoja. Unajua walinijibu nini? Wametuelekeza tena kwa wageni."

Niliondoka nimekasirika naye, nikafika barabarani nikagundua sina la kumlaumu. Hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote, hasira inayozunguka zunguka ikikosa mtu wa kumwangukia. Mgeni alifanya wema. Mwenyekiti alisema kweli. Nesi alikuwa peke yake. Odhiambo alimaliza kazi ya mtu. Kila mmoja alifanya sehemu yake, na katikati ya sehemu hizo mtu alikufa akiwa amekaa wima, kwa sababu ya jino. Ndiyo maana Jumapili nilinyamaza. Nilisikia Lavender anasema kambi itapendeza kwenye barua za kuombea kazi, na kwamba tisheti za mwaka huu ni za kijani, nikaogopa nitasema neno ambalo halitaweza kurudi.

Basi jibu langu ni hili. Nendeni. Mikono yenu inahitajika, na mtajifunza pale kwa wiki moja kuliko darasani kwa muhula. Lakini kabla hamjavaa hizo tisheti, mwulizeni anayewapeleka: siku ya pili baada ya sisi kuondoka, nani anabaki? Akiwajibu kwa hotuba, mwulizeni tena. Akiwatajia jina la mtu, mtafuteni huyo mtu, mwangalie kama ana dawa na kama ana gari. Mtaonekana wasumbufu. Mimi mpaka leo naonekana msumbufu.

Nilirudi mwaka uliofuata. Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikuwa nimestaafu na siku zangu ni zangu, na kwa sababu nisipokuwepo, nani atapapasa shingo? Daktari Pita hakuja. Waliokuja walikuwa wapya karibu wote, wachangamfu, wamejipaka mafuta ya jua. Bwana Wasonga alikuwa amewaambia yale ya kwanza, na wakakubali nusu: siku ya mwisho ingekuwa na kiti kimoja cha kuwaangalia waliong'olewa, viti vingine viendelee. Wa kubaki hakupatikana. Tiketi zilikuwa zimeshakatwa.

Siku ya tatu, kabla ya saa sita, niliinua macho nikamwona Peres kwenye foleni.

Nilidhani amekuja kunisalimia. Nikatoka nje. Alikuwa ameshika shavu la kushoto, amefunga leso kichwani, mikono ina makovu yale madogo ya mafuta ya kukaangia. Tangu mazishi tulikuwa tumeonana mara mbili tu.

"Peres. Hata wewe?"

"Hata mimi," akasema. "Inaniuma tangu Pasaka, Sista. Nimeweka karafuu, nimeweka chumvi, nimeomba. Imekataa. Usiku natembea tu kwa nyumba."

"Ungekuja mjini. Ungenipigia."

"Mjini ni siku nzima. Nani atakaanga?" Alisogea hatua moja, foleni ilikuwa imesogea. "Na nilikuwa nimesema sitakanyaga hapa. Nilisema mbele ya watu, hata mama mkwe alisikia. Lakini jino haijui nilisema nini."

Sikumpitisha mbele, hakutaka. Zamu yake ilipofika nilimketisha mimi mwenyewe kwenye kiti cha daktari wa kike, kijana, aliyekuwa na mkono mzuri. Nilimpapasa shingo, pande zote mbili, nikarudia tena. Palikuwa safi. Niliangalia mdomoni: gego limeoza katikati, la chini, kushoto. Yule daktari akachukua sindano ya ganzi. Peres akanishika kifundo cha mkono.

"Wanaondoka lini?" akaniuliza.

"Ijumaa."

"Na leo ni Jumatano."

"Leo ni Jumatano."

Alifikiri. Alikuwa anatazama dari, kama wote.

"Basi nikivimba," akasema, "itabidi nivimbe haraka."

Sijui kama alikuwa anatania. Mpaka leo sijui. Yule daktari aliona uso wangu, akasimamisha sindano hewani, akaniuliza mama amesema nini. Ningeweza kumwambia anauliza kama itauma. Nimewahi kutafsiri nusu. Safari hii nilimtafsiria lote, na nikamwambia ni mke wa nani, na mume alikufaje, na alikuwa amekaa darasa gani siku ile.

Sindano ilishuka chini taratibu mpaka mapajani mwake. Akawa mwekundu shingoni. Nje foleni ilikuwa inalalamika kwamba kiti hiki kimelala.

Peres alitungoja. Halafu akajipangusa mate kwa ncha ya leso.

"Mwambie aendelee," akasema. "Mdomo unakauka."